Vifurushi vidogo vya karatasi vya zawadi: anza na kitafunwa, karatasi ifuate

Kifurushi cha karatasi huharibikia ndani. Doa la mafuta linalojitokeza ubavuni, chini panapofumuka, gundi inayoachia, kona inayolegea: ukifuatilia chanzo utakuta ni karanga zilizofungwa zingali na joto, kashata iliyovuta unyevu, au visheti ambavyo havikuchuja mafuta. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza vifurushi vya sikukuu, sendofu, kipaimara au mahafali tunamshauri aamue kwanza anaweka nini ndani na kiasi gani, ndipo aende kununua karatasi. Wengi hufanya kinyume. Wanaipenda manila yenye rangi, wanaibeba, halafu wanaanza kutafuta cha kutia humo.

Kwa sisi tulio kando ya ziwa jambo hili lina uzito zaidi. Mvua za Mwanza huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, na karatasi huvuta unyevu wa hewani hata ikiwa kabatini. Kifurushi kinachosimama wima juu ya meza mwezi wa Julai kinaweza kulegea ndani ya siku moja mwezi wa Aprili, kwa karatasi ileile na mkono uleule. Krismasi nayo inaangukia kwenye mvua. Panga kazi yako ukilijua hilo.

Kinachoingia ndani

Vitafunwa vikavu visivyo na mafuta mengi ndivyo vya kuanzia: karanga zilizokaangwa bila mafuta, bisi, korosho, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa). Matobolwa hasa tunayapigania, kwa sababu ni kitu cha Usukumani, hayadondoshi mafuta, hayavunjikivunjiki njiani, na ukiyachanganya na karanga mtu wa Dar es Salaam au Arusha anapata zawadi ambayo hawezi kuinunua mtaani kwake. Chagua yaliyokauka barabara. Chukua kipande ukipinde: kikivunjika, kinafaa, kikipinda kama ngozi bado kina maji, na ndani ya karatasi kitaota ukungu. Michembe, yaani viazi vilivyokaushwa vikiwa vibichi, iache, yenyewe ni ya kwenda kupika.

Karanga zinahitaji kuchambuliwa mara mbili, kabla ya kukaanga na baada ya kumenya. Toa zilizosinyaa, zilizotoboka, zenye rangi ya kijivu au kijani, na zinazonuka vumbi la ghala. Huo ndio mlango wa sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu, na moto wa kikaango hauiondoi yote. Usijidanganye kwamba chumvi na pilipili vitaficha karanga mbaya. Kaanga kwa moto mdogo ukigeuza bila kuacha, mwaga kwenye sinia pana, acha zipoe zenyewe. Ukigusa katikati ya rundo ukahisi uvuguvugu, bado. Karanga yenye joto ikifungwa hutoa mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, karatasi inalainika na karanga zenyewe zinapoteza ule mlio wa kutafuna.

Visheti na biskuti ni kundi la pili, lenye mafuta. Visheti vikitoka kwenye karai viweke kwenye chekeche juu ya sinia angalau saa moja kabla ya kuvipaka sukari, kisha vikae tena hadi sukari ishike na isinate mkononi. Kabla hujafunga, fanya jaribio la karatasi nyeupe: weka visheti vitatu juu ya karatasi safi ya A4 kwa dakika 10, viondoe, inua karatasi kuelekea dirishani. Ukiona alama ndogo hafifu, endelea, lakini lazima utie karatasi ya ndani. Ukiona mduara unaopitisha mwanga, upana wa sarafu au zaidi, rudisha visheti kwenye chekeche. Jaribio hili linatosha kuokoa kazi nzima ya usiku.

Kashata na ubuyu wa rangi ni kundi la tatu, la sukari. Sukari iliyoyeyushwa ikaganda hunyonya maji ya hewani, ndiyo maana kashata iliyokauka asubuhi inanata jioni siku ya mvua. Hizi zifunge siku ileile ya kutoa, au siku moja kabla. Ubuyu wa rangi una tatizo jingine: rangi yake ikipata unyevu kidogo inahamia kwenye karatasi na kwenye mavazi ya mgeni. Usiuweke kwenye karatasi nyeupe bila kitu katikati.

Dagaa wa kukaanga wa pilipili, wale wanaoanzia soko la samaki la Mwaloni, ni kitafunwa kizuri na watu wanakipenda, ila kikae peke yake. Ukiweka kifurushi cha dagaa kwenye kapu moja na biskuti, kesho yake biskuti zote ni dagaa. Karatasi haizuii harufu. Kwa dagaa tunashauri kichupa chenye mfuniko, kisha karatasi iwe nguo ya nje tu. Halua na tende laini nazo ni hivyo hivyo.

Karatasi

Unahitaji aina tatu tu. Ya kwanza ni kaki, ile ya kahawia, iliyo rahisi kupatikana tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Ni ngumu kuraruka, inakunjika vizuri, na haioneshi alama za vidole. Ya pili ni A4 ya kawaida ya gramu 80, inayotosha kwa vifurushi vidogo vya karanga. Ya tatu ni manila, kwa visanduku. Ukiwa dukani uliza gramu zake: manila ya gramu 160 hadi 200 inakunjika kwa mkono, inayozidi hapo hupasuka kwenye mikunjo.

Juu ya hizo, nunua karatasi ya kuokea. Ndiyo kinga ya mafuta na ndiyo inayogusa chakula. Hapa tuseme wazi: magazeti ya zamani, kurasa za madaftari yaliyoandikwa na karatasi zilizochapwa ofisini zisiguse vitafunwa vyenye mafuta. Wino huyeyuka kwenye mafuta na kuhamia kwenye chakula. Koni ya gazeti ya muuza karanga tumeizoea wote, lakini zawadi anayopewa mtoto isiwe hivyo. Rangi za manila nyekundu na bluu iliyokolea nazo hutoka zikilowa, kwa hiyo zibaki nje.

Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi, na hili ndilo watu wanaliruka halafu wanalalamika kwamba mikunjo yao ina makunyanzi. Ukikunja kufuata nyuzi, mkunjo unanyooka. Ukikunja kukata nyuzi, karatasi inabisha na manila inachanika juu. Kujua mwelekeo, kata kipande cha mraba cha sentimita 5, kilowanishe upande mmoja kwa kidole. Kitajikunja chenyewe kama mrija. Nyuzi zinakwenda kufuata urefu wa mrija huo. A4 nyingi nyuzi zake zinafuata upande mrefu.

Kabla ya kila mkunjo wa manila, chora mstari kwa kalamu ya wino iliyokwisha wino, ukiiegemeza kwenye rula ya chuma, na chini weka gazeti lililokunjwa ili karatasi ipate pa kubonyea. Usitumie ncha ya mkasi, inakata. Ukishachora, karatasi itajikunja yenyewe kwenye mstari.

Kifurushi cha umbo la sambusa

Tukiambiwa tuchague umbo moja tu la kufundisha, tungechagua hili. Linakula karatasi kidogo, halihitaji kuchorwa, linasimama lenyewe mezani, na mtu wa kwanza kulifanya anafanikiwa.

Kata karatasi sentimita 21 kwa 12. A4 moja inatoa vipande viwili vya namna hiyo na kubakiza ukanda wa sentimita 5.7, ambao ndio utakuwa lebo. Ukikata hivyo nyuzi zinakuwa zimelala upande wa sentimita 12, na karatasi inajiviringa bila ubishi.

Paka gundi ukanda wa sentimita 1 kwenye upande mmoja mfupi. Leta upande wa pili mfupi juu yake upate bomba lenye urefu wa sentimita 12. Usiipige pasi karatasi ikawa bapa. Iache iwe duara. Ingiza rula ndani, bonyeza kiungo kutoka nje, subiri dakika 15. Sasa bana mdomo mmoja wa bomba uwe bapa, huku kile kiungo kikiwa katikati ya ubapa, siyo pembeni. Pembeni karatasi inakuwa na unene mara mbili pale inapojikunja, na ndipo gundi huachia kwanza. Paka gundi kwa ndani upana wa sentimita 1.5, bana, shikiza kwa kibanio cha nguo.

Gundi ikikauka tia gramu 50 za karanga, kiasi cha robo tatu ya nafasi. Kisha bana mdomo wa pili, lakini kwa kukatiza: kama wa kwanza umelala mashariki na magharibi, huu ulale kaskazini na kusini. Hapo ndipo umbo linapozaliwa. Ukibana midomo yote upande mmoja utapata bahasha iliyovimba, na haitasimama. Ukijaza hadi juu, mdomo wa pili utabanwa ukiwa na mvutano, na utafumuka wenyewe usiku.

Kwa vitafunwa vyenye mafuta, karatasi ya kuokea inatangulia ndani. Lakini gundi haishiki karatasi ya kuokea hata kidogo, na hapa ndipo wengi wanapopoteza kazi: wanaikata sawasawa na karatasi ya nje, inaingia kwenye kiungo, kiungo kinaachia. Ikate ndogo, sentimita 19 kwa 9, iweke katikati ili kila ukingo wa karatasi ya nje ubaki wazi kwa ajili ya gundi.

Ukimaliza, pitisha mkasi wa meno, ule wa mafundi cherehani, kwenye midomo miwili. Ni urembo unaotosha.

Kwa hesabu ya shughuli: wageni 200 wanahitaji A4 100. Ongeza 10 za kuharibika. Karanga zilizo tayari ni kilo 10, na kwa kuwa kuna zitakazotupwa katika kuchambua na uzito unaopungua kwenye kikaango, nunua mbichi zaidi ya hizo, kilo 12 au 13. Kata karatasi zote kwanza, kisha mabomba yote, kisha midomo ya kwanza yote. Anayetengeneza kimoja hadi mwisho ndipo aanze kingine atachoka kabla hajafika 50.

Mfuko wa kusimama

Huu ni wa visheti, bisi au matobolwa, na unafaa zaidi kwa kaki. Kata 29.7 kwa 21, ukubwa wa A4. Kwenye upande mrefu weka alama za mikunjo kwa mpangilio huu: 9, 5, 9, 5, na inayobaki sentimita 1.7 ni ulimi wa gundi. Kwenye upande mfupi chora mstari mmoja sentimita 4 kutoka chini, na mwingine sentimita 4 kutoka juu. Kunja, gundisha ulimi, upate bomba lenye pande nne. Chana pembe nne za chini hadi kwenye mstari. Kunja ndani kwanza zile ndimi mbili za ubavuni, kisha gundisha ndimi mbili pana moja juu ya nyingine. Zinapandana sentimita 3, ambazo zinatosha kubeba uzito. Ukianza na zile pana, chini panabaki na tundu na sukari inamwagika.

Unabaki na mfuko wa kimo cha sentimita 13 hadi kwenye mstari wa juu, unaobeba gramu 150 za visheti bila kubanana. Sehemu ya juu ikunje mara mbili, sentimita 2 na 2 nyingine, toboa matundu mawili, pitisha utepe. Mwanga wa jua na hewa vinaingia kidogo kuliko ukiuacha wazi na kuufunga fundo shingoni.

Kisanduku cha kashata

Kashata ni nzito na ina kona, kwa hiyo ipe manila. Msingi ni mraba wa sentimita 21. Chora mistari sentimita 4 kutoka kila upande; katikati panabaki mraba wa 13. Chana mstari mmoja kila pembe, kunja kuta, gundisha zile pembe kwa ndani. Kashata zikatwe sentimita 4 kwa 4 na unene wa 1.5, zingali na uvuguvugu, kwa kisu kilichopakwa mafuta. Zikishapoa kabisa zitavunjika ovyo. Tisa zinajaa tabaka moja, na tabaka mbili ni kashata 18, karibu nusu kilo. Uzito huo unainamisha manila moja, kwa hiyo laza mraba wa pili wa manila wa sentimita 12.8 chini kabla ya karatasi ya kuokea, na karatasi nyingine ya kuokea katikati ya matabaka.

Kifuniko kiwe na ndani ya sentimita 13.3 na kuta za 2.5, yaani mraba wa 18.3. Zile milimita 3 za ziada ni za unene wa manila na nafasi ndogo ya kufungulia. Ukikata kifuniko sawa na msingi kitabana, na anayefungua atachana pembe.

Gundi

Gundi nyeupe ya maji inafaa na inakauka upesi. Ipakwe kwa kidole au brashi, ukanda mwembamba. Ikizidi karatasi inavimba na kujikunyata. Anayetaka ya nyumbani apike uji: kipimo 1 cha unga wa ngano kwa vipimo 5 vya maji. Koroga unga kwanza na kipimo kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe, mimina yaliyobaki yakiwa ya moto, pika kwa moto mdogo ukikoroga dakika 3 hadi 5 mpaka weupe wa unga ugeuke kuwa wa kioo. Uchuje ukiwa wa moto. Unga wa sembe hautashika, na udaga, yaani unga wa muhogo uliovundikwa, utaacha rangi na harufu. Uji huu unadumu siku 2, baada ya hapo unachacha. Unapendwa pia na mende na sisimizi, kwa hiyo vifurushi vilivyogundishwa kwa uji vikae kwenye ndoo yenye mfuniko.

Pini za stepla tunazikataa kabisa kwenye vifurushi vya chakula. Pini ikichomoka inaingia kwenye karanga, na mtoto haangalii anachotafuna.

Urembo na lebo

Vipande vya vitenge wanavyotupa mafundi, ukanda wa sentimita 2 kwa 30, vinapendeza kwenye kaki kuliko riboni ya dukani, na kwa mafundi wa Makoroboi hapa Mwanza hukosi rangi inayofanana na sare ya shughuli. Kamba ya katani nayo ni nzuri, ila isigusane na chakula kwa kuwa inamwaga nyuzi. Poda ya kumetameta tuiache, inaingia ndani hata ukiwa mwangalifu.

Lebo iandikwe kabla ya kubandikwa, kwa kalamu ya wino mzito au penseli; wino wa majimaji unatiririka ukipata unyevu. Andika jina la kitafunwa, vilivyomo, tarehe ya kutengenezwa, na kama kuna karanga useme “Ina karanga” kwa herufi kubwa. Wapo ambao karanga kidogo inawapeleka hospitali. Hii ni kwa zawadi. Ukianza kuuza, masuala ya chakula na vifungashio vyake yapo chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, wanaweza kukuelekeza.

Kutunza na kusafirisha

Kanuni tunayoifuata ni hii: bisi siku 2, kashata siku 4 wakati wa mvua na wiki moja kiangazi, visheti wiki moja, karanga na matobolwa wiki 2. Hesabu hizo ni kwa vifurushi vilivyowekwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, mbali na jiko na mbali na ukuta unaotoa jasho. Ukiviacha wazi mezani, gawanya kwa mbili.

Bodaboda inaua visanduku kwa mtikisiko. Jaza nafasi tupu kwa karatasi zilizofinyangwa hadi usikie kimya ukitikisa. Kwenye basi omba viwekwe juu, kwenye rafu ya abiria, siyo kwenye buti, kwani buti hupata joto na huchanganywa na mizigo ya samaki. Vinavyokwenda Nansio, Ukerewe, kwa meli, au vinavyovuka kwa kivuko cha Kamanga, visibebwe kwenye boksi la karatasi hata kama kumekucha kweupe. Maji yanayorushwa na mawimbi yanatosha kulowesha kona, na kona ikilowa ndiyo inayobeba mzigo wa vilivyo juu yake. Ndoo ya lita 20 inabeba vifurushi vya sambusa kati ya 60 na 70 vikipangwa kwa kupokezana, kimoja ncha juu, kingine ncha chini. Laza kitambaa kikavu juu kabla ya mfuniko, na mwambie anayepokea aifungue siku ileile, avitandaze kivulini saa moja ili mvuke wa safari utoke kabla hajaanza kugawa.